Chuma cha ghala na moto: rangi, lipu, bodi, zege, vinyunyizio, au kiachwe kitupu?

Tulikuwa tumesimama chini ya kenchi za ghala jipya nje kidogo ya Kibaha, mabati hayajapandishwa, mwenye mali ameshika mchanganuo wa gharama. Kidole chake kilikuwa kimekwama kwenye mstari mmoja. "Injinia, chuma si hakiungui? Sasa hii rangi ya moto ya nini, tena kwa bei hii?"

"Hakiungui, mzee. Kinalegea."

Swali lake lilikuwa la haki, na nimeulizwa hivyo mara nyingi. Moto wa ghala hauyeyushi chuma. Kuyeyuka kunataka nyuzijoto 1,500 hivi. Tatizo linaanza mapema zaidi. Kwa hesabu za Ulaya, chuma cha ujenzi kinabaki na nguvu zake hadi nyuzi 400. Kikifika 500 kimebaki na asilimia 78, kikifika 600 asilimia 47, na kwenye 700 asilimia 23 tu. Sasa linganisha na moto wa kipimo unaowashwa maabara, ule wa ISO 834: ndani ya nusu saa tanuru liko nyuzi 842, na saa moja ikitimia liko 945. Nguzo nyembamba isiyo na kinga yoyote haimalizi robo saa.

Na kabla ya kulegea, chuma kinarefuka. Kenchi ya mita 30 ikipanda joto kwa nyuzi 400 inaongezeka urefu kama sentimita 17, ikizisukuma nguzo kwa nje. Ikishalegea inabonyea katikati na kuzivuta nguzo hizo hizo ndani. Ndiyo maana ghala lililoungua unalikuta kuta zake zimelala kuelekea ndani kama miguu ya panzi aliyekufa.

Zipo njia sita ambazo mtu anayejenga ghala kubwa huku kwetu atakutana nazo mezani. Ya kwanza ni kukiacha chuma kitupu, nayo ni njia halali ikiwa masharti yake yametimia. Nyingine ni rangi inayovimba, lipu ya kupuliza, bodi, zege au tofali, na vinyunyizio vya maji. Kila moja nimeiona ikifanya kazi vizuri, na kila moja nimeiona ikiharibiwa.

Vipimo vya kulinganishia

Kipimo cha kwanza kinabeba vingine vyote: hii nguzo isimame kwa ajili ya nani? Ukijiuliza hilo kabla ya kupiga simu kuulizia bei, nusu ya mkanganyiko inaondoka.

Ikiwa ni kwa ajili ya wafanyakazi watoke, ghala la ngazi moja lenye milango ya kutosha linahitaji dakika chache tu, na kengele nzuri inaweza kuwa na faida kuliko rangi. Ikiwa ni kwa ajili ya jirani, kinachotakiwa kusimama ni ukuta ulio karibu na mpaka pamoja na nguzo zinazoushika. Kenchi za katikati ya ghala hazimhusu jirani. Ikiwa kuna watu juu, kwa mfano mezanini (sakafu ya kati ndani ya ghala) yenye ofisi au watu wa kufungasha, basi kila nguzo na boriti inayobeba sakafu hiyo inadaiwa kusimama ndani ya moto dakika 60 au zaidi kutegemea urefu wa jengo. Na ikiwa ni kwa ajili ya mali iliyomo ndani, hapo ukweli unauma: kinga ya chuma haiokoi mali. Unaweza kuwa na fremu iliyosimama wima, imepakwa vizuri, chini yake majivu matupu.

Mwongozo wa Uingereza, ambao wahandisi wengi wa hapa na Kenya bado wanaufuata au kuuazima, unakubaliana na mantiki hii. Fremu inayobeba paa peke yake kwenye jengo la ngazi moja haidaiwi ustahimilivu wa moto, isipokuwa pale inaposhikilia ukuta wa nje ambao lazima usimame kwa sababu ya mpaka. Hivyo ukiona kwenye mchoro wako maneno "saa mbili, chuma chote" bila maelezo, muulize mhandisi mshauri ameyatoa wapi. Mara nyingine yamenakiliwa kutoka jengo la ghorofa kumi.

Kipimo cha pili ni unene wa chuma chenyewe. Wataalamu wanagawanya mzunguko unaopigwa na moto kwa eneo la mkato wa chuma. Bapa la milimita 20 likipigwa pande zote mbili linapata 100. La milimita 10 linapata 200. Papi za chuma zile za umbo la Z, zenye unene wa milimita 2, zinapata 1,000. Namba ikipanda, chuma kinapata joto haraka na kinga inatakiwa kuwa nene zaidi. Ndiyo sababu fremu nyepesi za kuletwa tayari kwenye makontena, ambazo zimepunguzwa uzito ili zishuke bei, zinakuja kukudai fedha hiyo baadaye kwenye rangi.

Vinavyobaki nitavipitia haraka. Hewa ya mahali: Mombasa, Tanga na Mtwara si Dodoma, chumvi na unyevu vinakula kinga na chuma vyote viwili. Mikwaruzo: foklifti haina urafiki na nguzo. Usimamizi: njia nyingine fundi akikosea inaonekana kwa macho, nyingine haionekani mpaka siku ya moto. Na fedha, ya leo na ya kila mwaka.

Upande wa serikali, Tanzania tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 na kanuni zake za ukaguzi. Michoro yako ipite kwao wakati wa kuomba kibali cha ujenzi, usisubiri ghala lijae ndipo uwaite. Kenya wana Kanuni za Ujenzi za 2024 zilizochukua nafasi ya zile za 1968, na kwa mahali pa kazi kuna kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007. Kote kuwili, bima yako inaweza kudai zaidi ya sheria. Isome kabla hujamwaga msingi.

Chuma kitupu

Dakika: karibu robo saa kwa nguzo za kawaida, pungufu kwa papi. Unachofanya hapa ni kukubali mapema kwamba fremu itaanguka, kisha unapanga ianguke bila kumuumiza mtu. Hiyo inataka milango mingi, king'ora kinachosikika hadi kona ya mwisho, na nafasi. Kanuni za ujenzi za kimataifa zinazotumika Marekani zinaruhusu ghala la ngazi moja lisilo na kikomo cha ukubwa, fremu ya chuma kitupu, mradi lina vinyunyizio na limezungukwa na uwazi wa futi 60, yaani mita 18 na kidogo, kila upande. Watu wananukuu nusu ya kwanza ya sharti hilo na kuisahau ya pili. Uingereza, ghala la ngazi moja lisilo na vinyunyizio linakomea mita za mraba 20,000 kwa chumba kimoja na urefu wa mita 18.

Kwenye saiti: hakuna kazi, ila rangi ya kutu. Kinachotaka akili ni kuta za kutenganisha. Ukuta wa tofali wa kugawa ghala uvuke paa kwenda juu, na usifungwe kwa nguvu kwenye fremu za pande zote mbili, maana fremu moja ikianguka itauvuta. Mwaka 1953 kiwanda cha gia cha General Motors huko Livonia, Michigan, kiliungua tarehe 12 Agosti. Cheche za kukata chuma zilianzisha moto ndani ya jengo la hekta karibu 14 lisilo na ukuta wa kuzuia moto, paa likiwa juu ya chuma kitupu. Karibu lote lilikwenda.

Baada ya miaka: nafuu kuliko zote, mpaka biashara ibadilike. Anayepangisha ghala kwa mtu wa saruji leo anaweza kumpangisha muuza magodoro mwakani, na ghala halijui.

Inamfaa mwenye kiwanja kikubwa na mali isiyoshika moto kirahisi: saruji, nondo, marumaru. Marumaru nayo angalia, maana katoni na plastiki za kufungia zinaungua vizuri sana.

Rangi inayovimba

Ukipaka, inaonekana rangi ya kawaida, unene wa milimita moja hadi tatu hivi. Ikipata joto la nyuzi 200 na zaidi inaanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta, inakuwa povu jeusi lenye unene wa mara nyingi ya ule wa mwanzo, na povu hilo ndilo linalokinga chuma. Niliwahi kushika kipande cha majaribio baada ya kupigwa na moto wa gesi: povu linamomonyoka mkononi kama mkate ulioungua, lakini chuma chini yake kilikuwa na rangi yake.

Dakika: 30 na 60 ndiko nyumbani kwake. 90 na 120 zinawezekana, ila unene unapanda kwa kasi na bei nayo, hasa kwenye chuma chembamba. Kwa dakika 120 kwenye fremu nyepesi, mkadiriaji majenzi atakuonyesha namba itakayokufanya ukae chini.

Kwenye saiti ndiko inakoharibika. Chuma kisafishwe kwa kupigwa mchanga, praima iwe ile inayokubaliana na rangi hiyo (si ile iliyobaki stoo), rangi yenyewe ipakwe kwa matabaka, kisha rangi ya juu ya kuifunga. Chuma kiwe na joto angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka maji juu ya chuma. Aina zinazochanganywa kwa maji hazitaki hewa yenye unyevu mwingi, na Dar asubuhi ya Aprili ni hewa ya namna hiyo hasa.

Nikuelezee siku moja. Jedwali la mtengenezaji lilitaka mikroni 1,200, yaani milimita 1.2, kwenye nguzo zile. Nilichukua kipimo cha sumaku, kile kidogo cha kushika mkononi, nikagusa nguzo ya kwanza usawa wa kifua: 1,250. Safi. Fundi akatabasamu. Nikaomba ngazi. Usawa wa mita tano: 540. Upande wa nyuma wa bapa, ulioelekea ukutani: 380. Hakuna aliyeiba, kijana alikuwa juu ya ngazi mchana kutwa, mkono umechoka, na upande wa nyuma hauonekani. Kwa macho nguzo nzima ilikuwa nyeupe pe. Rangi hii haina namna ya kukaguliwa bila kipimo, na anayekuuzia bila kukupa kitabu cha vipimo vya kila nguzo amekuuzia rangi ya mapambo.

Baada ya miaka: isipolowa na isipokwaruzwa inadumu. Ikilowa mara kwa mara, kemikali za ndani zinachujika na maji na siku ya moto haivimbi. Pwani, au mahali pasipo na ukuta, dai aina ya epoksi, ambayo ni ghali lakini inavumilia. Na kila mpangaji akichomelea mabano yake kwenye nguzo anaacha kidonda pasipo na kinga.

Inamfaa anayetaka chuma kionekane, fremu nzito kiasi, dakika zisizozidi 60, na anaye msimamizi asiyeogopa ngazi.

Lipu ya kupuliza

Ni mchanganyiko wa jasi au saruji na vermikulaiti (madini mepesi yasiyoungua), unapulizwa kwa mashine juu ya chuma hadi milimita 15, 30 au 50. Dakika: hadi saa nne, na hapa kuongeza saa moja hakuumi mfuko kama kwenye rangi. Kwa kila mita ya mraba, mara nyingi ndiyo kinga ya bei ya chini pale dakika zinapozidi 60.

Kwenye saiti ni kazi chafu na ya haraka. Unene unapimwa kwa msumari wenye alama, hata mwenye mali anaweza kukagua mwenyewe. Shida ni kushika: chuma chenye mafuta, vumbi au praima isiyokubaliana kinaiachia, na maeneo mapana yanataka wavu.

Baada ya miaka: ni mbaya kwa sura na laini kwa mguso. Nimeona nguzo za ghala moja zilizopulizwa vizuri hadi juu, lakini kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno chuma kilikuwa uchi, kinang'aa, paleti zimekisugua kwa miaka mitatu. Moto hauhitaji nguzo nzima kuwa tupu. Unahitaji sehemu moja. Aina za kawaida zinadondosha pia chembechembe, kwa hiyo juu ya unga, mchele au dawa sizipendekezi bila kufunikwa. Na kutu ikianza nyuma yake huioni.

Inamfaa mwenye boriti za mezanini na kenchi za juu, mahali ambapo hakuna anayefika, na sura haina kazi.

Bodi

Nitapita haraka kwa sababu kwenye maghala makubwa ya hapa ni nadra. Bodi za kalsiamu silikati au jipsamu maalumu zinaifunga nguzo kama sanduku. Zinafika dakika 30 hadi 240, kazi ni kavu, unene unatoka kiwandani hivyo fundi hawezi kuupunja. Anachoweza kupunja ni viungo: pengo la milimita chache au skrubu zilizorukwa vinafanya sanduku kuwa bomba la moshi. Kwenye fremu yenye maungio mengi ya pembe kazi inakuwa ya kuchosha. Bodi za jipsamu hazipendi maji wala foklifti. Zinafaa nguzo chache zenye kazi kubwa: za ofisi ndani ya ghala, za njia ya kutokea, au jengo ambalo tayari lina mali na huwezi kupuliza chochote.

Zege na tofali

Hii ndiyo kinga ambayo kila fundi wa mtaani anaijua hata kama hajawahi kuiita kinga ya moto. Unaizungushia nguzo mbao, unaweka wavu au nondo nyembamba ili zege lisidondoke likipata joto, unamwaga. Dakika: milimita 50 za zege zinatosha saa mbili kwa majedwali ya kawaida. Tofali nzito zilizojengwa kuizunguka nguzo zinafanya kazi inayofanana.

Kwenye saiti: uzito. Msingi uhesabiwe nao tangu mwanzo, na kwa kenchi sahau kabisa. Inakula nafasi pia, na nafasi ya ghala ni kodi.

Baada ya miaka: hapa haina mpinzani. Foklifti ikigonga, ni dereva anayeumia roho. Pwani inasaidia hata dhidi ya kutu, ikiwa zege ni zuri na halijapasuka.

Kuna kosa moja ninaloliona kila mahali. Watu wanamwaga zege hadi mita mbili, kimo cha kuzuia foklifti, halafu kwenye ripoti wanaandika "nguzo zimekingwa". Mita sita za juu zi uchi, na moto unapanda juu. Zege la mita mbili ni kinga ya foklifti. Likitakiwa kuwa kinga ya moto, lifike juu au lipokewe na rangi au lipu pale linapoishia.

Inamfaa mwenye ukuta wa mpakani: nguzo zenye zege hadi juu, ukuta wa tofali, na kitako cha nguzo kilichohesabiwa kisipinduke pale kenchi itakapovuta. Hilo la kitako linasahaulika sana. Ukiipa nguzo kinga ya saa mbili juu ya msingi usioweza kuzuia mvuto huo, nguzo italala ikiwa nzima.

Vinyunyizio

Mafundi wengi wanaviita springla. Hii si kinga ya chuma kwa maana ya kukifunika. Inafanya moto usifike ukubwa wa kukilegeza. Na kati ya njia zote sita ni hii peke yake inayojali mali yako.

Dakika: hazihesabiki hivyo. Ila mwongozo wa Uingereza unapunguza masharti ya chuma pale vinapokuwepo: jengo la kuhifadhia mali lisilozidi mita tano kutoka sakafu ya chini hadi ya juu kabisa linashuka kutoka dakika 60 hadi 30. Kwa NFPA 13, kanuni ya Marekani ya kufunga vinyunyizio, nguzo zilizomezwa na raki ndefu zinaweza kukingwa kwa saa moja au kwa maji yenyewe.

Kwenye saiti, usiangalie mabomba ya darini, angalia tangi. Chukua mpangilio mmoja wa kawaida wa vichwa vya kuzima mapema kwenye ghala la raki: unahesabu vichwa 12 vikifunguka pamoja, kila kimoja lita kama 375 kwa dakika. Hizo ni lita 4,500 kwa dakika. Ongeza mipira ya zimamoto, lita 950 hivi kwa dakika. Kwa saa moja unahitaji lita zaidi ya laki tatu na ishirini elfu, zako mwenyewe, zimekaa zinasubiri. Maji ya mtaani yenye mgao hayaingii kwenye hesabu hii. Pampu nayo iwe ya dizeli au iwe na mbadala wa dizeli, kwa sababu umeme ni wa kwanza kukatwa kwenye moto.

Baada ya miaka: hapa ndipo mtego ulipo. Pampu isiyowashwa kila wiki ni sanamu. Nimekuta valvu kuu imefungwa kwa sababu bomba lilivuja mwaka uliopita, na mlinzi ndiye aliyeifunga, akaenda likizo na siri yake. Zaidi ya hapo, vinyunyizio vinahesabiwa kwa aina ya mali na kimo cha kupanga. Tarehe 21 Juni 1982 ghala la usambazaji la Kmart huko Falls Township, Pennsylvania, lenye zaidi ya mita za mraba laki moja, liliungua likiwa na vinyunyizio. Ndani kulikuwa na makopo ya kupuliza yenye gesi, mali ambayo mfumo haukuhesabiwa kuimudu. Makopo yalilipuka na kuruka yakiwaka hadi sehemu nyingine za jengo. Kwa hapa kwetu weka betri za bodaboda za umeme mahali pa makopo hayo, uone kama mchoro wako wa miaka kumi iliyopita bado unasema kweli.

Inamfaa mwenye mali ya thamani, raki ndefu, na nidhamu ya matengenezo. Asiye na nidhamu hiyo anunue zege.

Hali yako ni ipi

Kiwanja cha ekari kadhaa, ngazi moja, mali isiyoungua, jirani yuko mbali: chuma kitupu, milango mingi, kengele, na ukuta wa kugawa. Fedha iliyobaki iweke kwenye mahali pa gari la zimamoto kupita kuzunguka ghala lote. Ghala linalofikika upande mmoja tu ni nusu ghala kwa wazimaji.

Kiwanja cha mjini, ukuta unagusa mpaka: chagua nguzo za upande huo peke yake. Zege au tofali ukiwa bado unajenga, bodi au lipu kama fremu imeshasimama. Kitako kihesabiwe upya.

Kuna mezanini: boriti na nguzo zake zote zipate lipu ya kupuliza, au rangi kama zinaonekana na dakika 60 zinatosha. Nguzo zinazopita katikati ya foklifti zivae zege chini na kinga ileile iendelee juu bila pengo.

Ghala la kupangisha, hujui atakuja nani: vinyunyizio vilivyohesabiwa kwa mali nzito kuliko unayoitarajia, na kwenye mkataba andika kimo cha kupanga na mali zisizoruhusiwa.

Ghala la korosho Mtwara au Lindi: maganda yana mafuta yanayowaka kwa hasira, hewa ni ya chumvi, na kama ni la stakabadhi ghalani mali si yako, ni ya wakulima wanaosubiri mnada. Hapo kumlinda mwenye mali kunataka maji, na chuma kitakachopakwa kipakwe epoksi. Fedha isipotosha kwa tangi, gawa ghala kwa kuta imara ili moto ule sehemu moja tu.

Na kama ghala ni la zamani, limejaa, mpangaji hatoki: usianze na kinga yoyote. Anza na mchoro wa fremu, kalamu nyekundu na saa mbili za kutembea. Weka alama kwenye nguzo zinazoshika ukuta wa mpakani, zinazobeba sakafu, na zilizo kando ya milango ya kutokea. Kwenye ghala la Kibaha tulifanya hivyo kabla ya kupandisha mabati. Nguzo zilikuwa 44, alama nyekundu zilitoka 13. Mzee alizihesabu mwenyewe mara mbili, akakunja karatasi, akaniuliza zege la hizo kumi na tatu linaanza kumwagwa siku gani.